Siku yangu nyuma ya dirisha la fishi

Saa 1 asubuhi. Nafungua chumba cha fishi, yaani kadi za wagonjwa, kwenye kituo chetu cha afya, huku Kadutu, Bukavu. Kabla ya salamu naangalia paa. Mvua imenyesha usiku kucha, na kuna tone moja lililoipenda etajeri, rafu ya fishi za mwaka 2019. Leo limeangukia kwenye beseni.

Saa 1:30. Foleni imeshafika barabarani. "Namba ya fishi, mama?" "Sijui, tafuta tu kwa jina." Asubuhi yangu hupotelea hapo. Anaitwa Cibalonza. Kwenye C-i hayumo. Naenda Ch, maana aliyemwandika mwaka ule huenda alisikia Chibalonza. Napata watatu, na wawili wamezaliwa mwaka mmoja. Namuuliza jina la mama yake, mtaa aliokuwa akikaa, mtoto wake wa kwanza. Nyuma yake mzee mmoja anasema sisi tunalala humu ndani.

Aseme tu. Nikitoa fishi ya Cibalonza mwingine, muganga atasoma alerji ya mwingine, na dawa itamwingia huyu. Nilishafanya kosa hilo, mwaka wangu wa kwanza kazini. Infirmiye, muuguzi wetu, ndiye aliyelishika: fishi ilisema mgonjwa alitolewa kidole tumbo, na aliyelala mbele yake hakuwa na kovu lolote. Tangu hapo jina peke yake silikubali. Kile kikaratasi chenye namba tunachowapa, kipigeni picha kwa simu. Kwenye pochi kinaoza.

Saa 4. Mama mwenye mimba ya miezi minane anaandikiwa transferi kwenda hospitali kuu. Mtoto wa kwanza alimpata kwa operesheni, Goma. Karatasi hana. Anashusha kitenge kidogo: "Kovu si munaliona?" Tunaliona, lakini kovu la ngozi halisemi mfuko wa uzazi ulikatwa vipi. Kuna mkato uliolala, chini, na kuna uliosimama. Uliosimama ndio wenye hatari kubwa zaidi ya kupasuka uchungu ukianza, na kwa nje yote miwili inaweza kufanana. Jibu liko kwenye ripoti ya operesheni, na ripoti iko Goma.

Kule ana shemeji. Namwandikia barua ya mistari mitatu ya kumruhusu shemeji achukue kopi, anatia sahihi, tunaipiga picha, inakwenda kwa WhatsApp. Bila barua ya mwenyewe shemeji angerudishwa mlangoni, na wangemrudisha kwa haki.

Saa 6. Baba mmoja, shati limenyooshwa vizuri, anataka "kuangalia tu" fishi ya mke wake. "Mimi ndiye nalipa." Namwambia risiti ni yake, fishi ni ya mama. Kifungu cha 73 cha kanuni ya adhabu ya Congo kinamwadhibu anayetoa siri aliyoijua kwa sababu ya kazi yake, na kifungo sikitaki. "Mama akikubali, mukuje wote wawili." Anaondoka bila kuaga. Dada aliyekuwa nyuma yake anainama dirishani, sauti chini: "Kwa hiyo na wangu hawezi kupewa?"

Hawezi.

Saa 8. Umeme umekatika, kwa hiyo hakuna kopi. Bugali na sambaza, vile visamaki vidogo.

Saa 9. Kijana ameshika karne yake, daftari lake la matibabu, kama barua ya korti. Anauliza kama ana ruhusa ya kusoma. Ni damu yako, kaka. Kidole chake kiko kwenye "GE++". Namweleza: ni tone la damu lililotazamwa kwa darubini, likakutwa na malaria. Anashangaa. Wiki nzima amekuwa akiwaambia watu ni tifoidi, na hakuna mahali palipoandikwa tifoidi.

Saa 10:30. Simu ya yule mama wa transferi inalia, anaweka sauti kubwa. Shemeji amefika, barua imekubaliwa. Ila mwenzangu wa Goma, kutoka nyuma ya dirisha lake, anaomba namba ya fishi.