Hita ya Maji Ndiyo Iliyokuwa Ikila Tokeni

Nyumba yetu iko Buruburu, Nairobi, na kwa muda mrefu tokeni za stima zilikuwa zikiisha upesi bila yeyote kuweza kueleza zilikokwenda. Kila mmoja alikuwa na mshukiwa wake: watoto walilaumu friji, mke wangu aliilaumu televisheni, nami niliishuku pasi. Kwa hiyo, kabla ya kununua swichi yoyote ya kujiendesha, niliamua kupima kwanza.

Nilinunua plagi za Wi-Fi za aina inayoonyesha matumizi kwenye simu, nikawa naiacha kila moja kwenye kifaa kwa siku kadhaa. Hesabu yenyewe haihitaji utaalamu, kwa kuwa yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Friji ilionekana haina hatia. Dekoda ndiyo iliyonishangaza, kwani hata ilipozimwa kwa rimoti iliendelea kula wati 10 hivi, na wati 10 usiku na mchana ni yuniti 7 kwa mwezi. Hita ya maji ya lita 50 haina plagi, kwa hiyo niliipima kwa kuzima kila kitu kingine na kusoma mita kabla na baada. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 huhitaji yuniti 2.3 hivi, na swichi yetu ilikuwa ikiachwa imewashwa mchana kutwa, hivyo kila maji yalipopoa kidogo hita ilijiwasha tena ilhali nyumbani hakuna wa kuoga.

Fundi wa umeme alipoona nataka kutumia plagi ya Wi-Fi hapo pia, alicheka. "Mzee, hiyo ukiifunga hapo utanipigia simu usiku," akasema. Hita ya wati 3,000 kwenye umeme wa volti 240 huvuta ampea 12.5 mfululizo, ilhali plagi nyingi za bei nafuu zimetengenezewa ampea 10. Alifunga kontakta, yaani swichi nzito inayowashwa kwa umeme kidogo, ndani ya kisanduku karibu na fyuzi, kisha swichi ndogo ya Wi-Fi ikapewa kazi ya kuiamrisha kontakta tu, bila mzigo wote wa hita kupita ndani yake. Sasa hita huwaka saa kumi na nusu alfajiri kwa saa moja, maana watoto hutoka mapema kabla ya foleni ya Jogoo Road, na huwaka tena kwa muda mfupi jioni. Mwezi wa Julai, maji ya tangi la juu ya paa yanapokuwa baridi mno, naongeza robo saa. Kitufe cha kubonyeza kwa mkono tulikiacha nje ya bafu, kwa sababu mama yangu akitutembelea hana haja ya kufungua programu ya simu ili aoge.

Kwa taa za nje, muuzaji alinihimiza ninunue kifaa cha kufuatilia macheo na machweo. Huenda kinafaa Ulaya. Hapa Nairobi, karibu na ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na saa moja kasoro dakika kumi mwaka mzima, na ratiba moja isiyobadilika inatosha kabisa. Taa kubwa ya wati 50 iliyokuwa ikiwaka usiku kucha, yaani yuniti 18 kwa mwezi, sasa huwashwa na sensa ya mwendo, na kando yake kuna balbu ya wati 9 ya kuwaridhisha majirani na mlinzi.

Stima ikipotea na kurudi, swichi inaweza kujiwasha yenyewe, kwa hiyo ya hita niliipanga ibaki imezimwa. Ruta nayo niliiwekea betri ndogo, kwa kuwa swichi yangu huuliza saa kwenye intaneti kila inapoamka. Vifaa hivi navyo hula umeme: plagi ya Wi-Fi ya wati moja humaliza yuniti 0.7 kwa mwezi, na ndiyo sababu niliziondoa kwenye chaja na redio, ambako zilikuwa zinakula zaidi ya zinachookoa. Ya dekoda imebaki.

Faida kubwa zaidi ilitoka kwenye bei. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani nchini Kenya wamegawanywa katika makundi matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wasiozidi 100, na waliopita hapo, na kundi hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Sisi tulikuwa juu ya 100, na kila yuniti tuliinunua kwa bei ya kundi hilo la juu. Wastani ulipochelewa kushuka nilidhani mita ina hitilafu, hadi mke wangu aliponunua tokeni kwa kiasi kilekile cha pesa, akaniletea simu nisome ujumbe, kwani yuniti zilikuwa zimeongezeka.