Daftari la ubatizo la Bagamoyo: walioandikwa mara mbili wamepatikana

Hatimaye hesabu imekubali! Orodha ya watoto waliolelewa katika kituo cha Mapadre wa Roho Mtakatifu, Bagamoyo, kilichoanzishwa 1868 chini ya Padre Antoine Horner, ilikuwa ikizidi kuvimba, na chanzo ni mtoto mmoja kuandikwa mara mbili.

Mtoto mahututi alibatizwa palepale kwa maji tu, akaandikwa kwa Kilatini «in periculo mortis», yaani katika hatari ya kufa. Akipona, alipelekwa kanisani kukamilishiwa ibada, na padre akaandika tena: «suppletae sunt caeremoniae», yaani ibada zimekamilishwa. Ukifika miaka ya kipindupindu, 1869 na 1870, kaa macho.

Kulinganisha majina peke yake hakufai kitu. Maria na Yosefu wamejaa, na jina la baba mara nyingi halipo, kwa kuwa wengi walikombolewa kutoka soko la watumwa la Unguja. (Ndiyo maana neno «yatima», wanaloitwa watoto hawa, linanikera: wapo walioporwa huku wazazi wao wakiwa hai.) Umri nao ni wa kukadiria, «circiter», kwa hiyo ruhusu tofauti ya miaka miwili. Kilichofungua fundo ni kuanzia ingizo la pili: likitaja tarehe ya maji, irudie tarehe hiyo kwanza, kisha kabila, na msimamizi wa ubatizo mwisho, maana kwenye ubatizo wa dharura mara nyingi hayupo. Kwa waliooa au kuolewa baada ya Pasaka ya 1908, soma pambizo: amri ya Kanisa Katoliki ya «Ne temere» iliagiza ndoa iandikwe kando ya ubatizo.

Tarehe, kwa vifupisho vya Kilatini: 7bris ni Septemba, si Julai, 8bris Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Siku, mwezi na mwaka viwe safu tatu. Excel, programu ya majedwali inayotumika sana maofisini, haitambui tarehe za kabla ya 1900 na upangaji wote unavurugika. LibreOffice Calc, programu nyingine ya majedwali, inazikubali, lakini safu tatu ni salama popote.

Wino uliofifia hadi kahawia: piga picha kwa mwanga wa ubavuni, kisha kwenye kompyuta tenga chaneli ya bluu pekee, yaani sehemu ya rangi ya bluu ya picha. Herufi zinarudi. Programu za kusoma mwandiko zinamudu barua ndefu za Kifaransa. Kwa vifupisho vya daftari, jicho bado ndilo bora.

Ramani ya kijiji cha waliokombolewa imewekwa kando kwanza, maana safu ya wasimamizi inaonyesha jambo zito zaidi: vijana waliobatizwa mwanzo wanarudi kama wasimamizi wa watoto wapya. Sasa kila msimamizi anapewa namba ileile ya ubatizo wake mwenyewe.