Subiri Wacheke

Mwaka 2006 mabwawa yalikauka, mgao wa umeme ukaingia, na mtu akitaka kufanya jambo lolote la kuhitaji soketi ilimpasa kwanza aulize mtaa wao unakatiwa lini. Kwa mjomba wangu, Ngamiani, Tanga, zamu ya Jumamosi ilikuwa mchana kutwa hadi magharibi. Nilifika kwa basi la asubuhi kutoka Dar es Salaam, nikakuta feni imesimama, milango yote iko wazi, na mjomba kakaa barazani na msuli wake, anamenya machungwa ya Muheza kwa kisu kidogo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umemleta Shailoki wangu?"

Nilikuwa nimemleta. Alikuwa ndani ya diski ya mtaani, zile zinazobeba filamu nane kwa mpigo, zote za mwigizaji Al Pacino, majambazi na mapolisi, na katikati yao ile niliyokuwa nimeitafuta kwa wiki tatu: filamu ya mwaka 2004 iliyoongozwa na Michael Radford, iliyotokana na tamthilia ya Shakespeare ambayo sisi tunaijua kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mhariri wa ukurasa wa sanaa wa gazeti moja la Jumapili alikuwa amenipa nafasi yangu ya kwanza kabisa. Maneno mia nane. Na katika watu wote niliowajua, aliyewahi kupanda jukwaani akamwigiza Shylock, yule Myahudi mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mfanyabiashara Antonio aliyeshindwa kumlipa deni, alikuwa mjomba peke yake.

Umeme haukuwapo, basi tukaanzia mwisho. Kwenye bahasha ya kaki nilikuwa na kurasa kumi na moja nilizochapisha intaneti kafe, maoni ya wahakiki wa Uingereza na Marekani. Nikawa nasoma kwa Kiingereza kimyakimya, namtafsiria kwa sauti, naye anakula machungwa yake na kunisimamisha kila nikikimbia.

Wengi walimsifu Pacino, Shylock wa filamu hii, kwa jambo ambalo hawakulitarajia kwake, kujizuia. Mtu aliyezoeleka kwa kupaza sauti safari hii alikuwa akinong'ona, anabeba uchungu mabegani. Waliisifu Venice yenyewe, mifereji yake, ukungu wake, mishumaa yake. Wengi pia walilalamika kwamba hadithi ya wapenzi kule Belmont, pamoja na masanduku yake matatu ya dhahabu, fedha na risasi, haina uzito ikiwekwa kando ya Shylock, kana kwamba filamu mbili zimeshonwa pamoja na uzi unaonekana. Hayo mjomba aliyapokea kwa kutikisa kichwa tu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa kwingine. Shakespeare aliiandika tamthilia hii kama komedi, miaka ya 1590. Ilipochapishwa mwaka 1600, jalada la ndani liliwatangazia wasomaji ukatili wa Shylock Myahudi. Kwa karne mbili na zaidi watu wa London walikwenda kumcheka na kumzomea, mpaka mwaka 1814 mwigizaji Edmund Kean alipoingia jukwaani bila zile nywele nyekundu za kuchekesha na kumwigiza kama binadamu mwenye akili na jeraha. Baada ya Wayahudi milioni sita kuuawa Ulaya, je, komedi hiyo inaweza tena kutengenezewa filamu? Radford alijibu kwa kuongeza mwanzo ambao tamthilia haina. Kabla ya neno la kwanza la Shakespeare, maandishi yanatueleza kwamba Wayahudi wa Venice walifungiwa usiku ndani ya geto, mtaa wao wa kutengwa, na mchana wakitoka ilibidi wavae kofia nyekundu. Kisha tunaonyeshwa kundi la watu likimtupa Myahudi mferejini kutoka daraja la Rialto, na Antonio, yule mfanyabiashara mwema, akimtemea mate Shylock. Wahakiki wakagawanyika. Kuna waliosema mwanzo huo unatupa haki ya kuielewa chuki ya mzee yule. Kuna waliosema mwongozaji ameiosha tamthilia, amemwombea Shakespeare msamaha ambao mwenyewe hakuuomba.

"Wewe uko upande gani?" mjomba akauliza.

Nikamwambia niko upande wa Radford. Rasimu yangu ilikuwa tayari mfukoni, na sentensi yake ya kwanza ilisema filamu hii imempa Shylock ubinadamu wake.

Mjomba akafuta mikono, akaingia ndani, akarudi na kitabu. Jalada lilikuwa limeng'oka zamani na kushonewa upya kwa uzi wa magunia. Toleo la 1969, la Oxford University Press, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, aliyeifanya akiwa rais wa nchi.

"Soma jina."

"Mabepari wa Venisi."

"Kwa Kiingereza?"

Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara, mmoja. Na huyo mmoja, watu wengi husahau, si Shylock. Ni Antonio, mwenye merikebu.

"Basi Mwalimu alifanya nini?" mjomba akasema. "Alichukua mtu mmoja akamfanya wengi. Hakuandika bepari. Aliandika mabepari. Sasa unieleze, ni nani na nani?"

Nikaanza kusema Shylock. Akanizuia kwa kidole, akafungua sehemu ya mahakama, akanisomea pale Shylock anapowageuzia kibao waungwana wa Venice. Ninyi mna watumwa mliowanunua, anawaambia. Mnawatumia kama punda na mbwa kwa sababu mmewalipia. Nikisema muwaache huru, waoe binti zenu, mtanijibu kwamba watumwa ni mali yenu. Na mimi nawajibu hivyohivyo: ratili hii ya nyama nimeinunua kwa bei kubwa, ni yangu. Mjomba aliyasoma hayo kwa Kiswahili cha Mwalimu, polepole, na sisi tumekaa mwendo mfupi tu kutoka Pangani, ambako watu walipakiwa majahazini. Sijawahi kumsikia mhakiki yeyote wa Ulaya akiyaelewa maneno hayo namna baraza ile ilivyoyaelewa.

Magharibi feni ikashtuka, ikaanza kuzunguka. Watoto wa mtaa mzima wakapiga kelele za furaha kama kawaida. Mke wa mjomba akatuletea chai ya tangawizi na mihogo, akakaa nasi.

Filamu ilipoanza mjomba alikuwa mtazamaji wa kusemasema. Alimsifia Jeremy Irons, aliyemwigiza Antonio, kwa uso wake wa huzuni. Portia wa Lynn Collins, yule binti tajiri wa Belmont, mjomba alimpenda tangu alipoingia mahakamani amejigeuza mwanasheria, na ndevu za kiume. Lakini Shylock alipoanza kuuliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, kama akichomwa hatoki damu, mjomba akanyamaza, na tangu hapo hakusema tena. Mahakamani, hukumu ikashuka: mali igawanywe, na yeye mwenyewe abatizwe awe Mkristo. Sharti hilo la mwisho halikutoka kwa hakimu, lilitoka kwa Antonio. Pacino akaanguka sakafuni. Karibu na mwisho tukamwona amesimama nje, milango ya sinagogi inafungwa, yeye hana tena pa kuingia, si kwa hawa wala kwa wale. Na binti yake Jessica, aliyetoroka na Mkristo, kando ya maji, anaigusa pete kidoleni. Katika tamthilia Shylock anaambiwa kwamba binti huyo ameiuza pete ya mama yake ili anunue tumbili. Radford anaonyesha kwamba hakuiuza. Baba alivunjika moyo kwa uongo.

Maandishi ya mwisho yalipokuwa yakipanda, mke wa mjomba akasema, "Wamemwonea mzee wa watu," akachukua vikombe.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Halafu akanieleza jambo ambalo, nilijua baadaye, hata mkewe hakuwa amelisikia.

Ilikuwa mwaka 1970, yeye kidato cha tatu, shule ya bweni mkoani humuhumu. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka mitatu, kitabu cha Mwalimu kilikuwa kipya, na mwalimu wao wa Kiswahili akaamua wakiigize. Mjomba akapewa Shylock. Ndevu zikatengenezwa kwa katani, zikachovywa kwenye chai nzito zipate rangi, zikabandikwa kwa gundi. Kilichokosekana kilikuwa sauti. Akaitafuta, akaipata nyumbani kwao: sauti ya Mhindi mwenye duka, aliyekuwa akiwakopesha unga, mafuta ya taa na kanga hadi mwisho wa mwezi. Namna alivyovuta maneno, alivyokohoa kabla ya kutaja deni, alivyolowesha kidole mate ndipo afunue daftari. Jina la baba yake mjomba lilikuwa ndani ya daftari hilo.

"Ukumbi ulipasuka," mjomba akasema. "Sijapata kuchekewa vile maishani mwangu. Kila nikikohoa, wanacheka. Nikamlilia binti yangu, wanacheka. Mwisho nilipoambiwa nibatizwe, watu walisimama juu ya mabenchi."

Mtoto wa mwenye duka alikuwa safu ya tatu. Walisoma darasa moja, walikalia dawati moja. Baada ya maonyesho ndevu ziligoma kutoka, gundi ilikuwa imeshika ngozi, mjomba yuko bombani machozi yanamlenga kwa maumivu. Yule kijana akaja na chupa ya mafuta ya nazi.

"Akanibandua zile ndevu. Kidogokidogo, nyuzi kwa nyuzi, anapaka mafuta, anasubiri, anavuta. Nisiumie. Hakusema neno. Na mimi sikusema."

Mwaka uliofuata ikaja sheria ya majengo. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na serikali, na jengo la familia ile mjini likawamo. Kabla ya muhula kwisha dawati la mjomba likawa la mtu mmoja.

Nilimwambia, kwa kuwa nilitaka kumfariji, kwamba walikuwa watoto, na kwamba deni la babu lilikuwa la kweli.

"La kweli kabisa. Sikumsingizia," akasema. "Lakini babu yako alikuwa anakata mkonge kwenye shamba la mzungu. Mshahara ulikuwa unakwisha katikati ya mwezi, ndiyo maana akakopa. Mwenye shamba tulimwigiza? Hatukumwigiza. Sauti yake hatukuijua, hajawahi kusema nasi. Tulimwigiza tuliyekuwa tunamjua."

Nilichukua rasimu yangu usiku ule nikaifuta sentensi ya kwanza. Radford hakumpa Shylock ubinadamu wowote, ulikuwamo kwenye maneno tangu zamani, na Mwalimu aliutafsiri wote bila kuupunguza. Alichofanya Radford ni kutuonyesha wale wanaocheka. Ule mwanzo wake, wa mate na mtu kutupwa mferejini, ambao baadhi ya wahakiki waliuona kama kiraka, mimi nauona ndio sehemu ya lazima kuliko zote, kwa sababu unaigeuza kamera iwatazame waungwana wenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya lile umbo la wingi kwenye jina la kitabu chetu. Tulikuwa nalo juu ya jalada miaka yote, na jukwaani tukamtafuta mmoja wa kubandikwa ndevu.

Makala ilitoka baada ya wiki mbili. Mhariri alibakiza sifa za Pacino na picha yake kubwa, akaondoa aya ya ndevu za katani, akisema haihusiani na filamu. Sikubaliani naye hadi leo. Mwaka 2010 Pacino alimrudia Shylock jukwaani New York, kwanza bustanini Central Park, kisha Broadway. Nilimpigia mjomba simu kumweleza. Swali lake lilikuwa moja: watu walicheka?

Lakini usiku ule wa Ngamiani haukuishia kwenye maongezi. Ilikuwa imepita saa sita, nyumba imelala, mjomba akachukua rimoti akairudisha filamu hadi mahakamani. Akakifungua kitabu mapajani, akavaa miwani, akawa anafuatisha, Pacino kwa Kiingereza chake na yeye chini kwa chini kwa Kiswahili, kwa sauti yake mwenyewe safari hii. Walipofika pale Shylock anapoomba ruhusa aende zake kwa sababu hajisikii vizuri, niliinama nikaona pembeni ya mstari, kwa penseli iliyofifia, mwandiko wa kijana wa kidato cha tatu: Subiri wacheke.

Mjomba akabonyeza filamu isimame. Akaweka kidole pale kwenye penseli, akasubiri, kama alivyoagizwa na mwalimu wake. Feni ilikuwa inazunguka.