Nilivyoyaandika upya maswali ya utafiti wangu kuhusu lahaja

Pendekezo langu la utafiti wa shahada ya uzamili lilipopitishwa, nilikuwa na maswali matatu ambayo sikuona kasoro ndani yake. La kwanza liliuliza wakazi wa Dar es Salaam wana mielekeo gani kuhusu lahaja za Kiswahili, yaani namna mbalimbali za kukizungumza kulingana na mahali, la pili mielekeo hiyo inatokana na nini, na la tatu inaathiri vipi ujifunzaji wa Kiswahili wa watu waliohamia jijini kutoka bara. Kosa langu lilikuwa kuyachukua maswali hayo, yaliyoandikwa kwa ajili ya msimamizi wangu, na kuyapeleka uwandani karibu neno kwa neno. Ilinichukua wiki mbili za Kariakoo kuelewa kwamba swali la utafiti ni la mtafiti kujibu, na kwamba mtoataarifa anahitaji swali jingine kabisa.

Siku ya kwanza, nikiwa na barua iliyokwishapita kwa katibu tawala wa wilaya, kwa mtendaji wa kata na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nilimwendea mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya pembezoni mwa soko. Nilimwamkia, nikaeleza shida yangu, akakubali kwa moyo mweupe. Kisha nikamuuliza ana mtazamo gani kuhusu lahaja za Kiswahili. Aliniangalia kidogo, akaendelea kupanga mafungu yake. "Mwanangu, sisi hapa tunauza nyanya. Hayo ya lugha waulize walimu."

Nilikuwa bado nimesimama pale, nikitafuta namna ya kuaga bila kumkosea adabu, alipofika mteja mmoja mwanamke akauliza, "Dada, tungule hizi fungu kiasi gani?" Walielewana bei, mteja akaondoka na mfuko wake. Yule mama akanigeukia bila kuulizwa chochote: "Umesikia wanavyoongea watu wa Unguja? Taratibu, kama wanaimba. Mtu akikuongelesha hivyo huwezi kumkazia bei." Nikamuuliza kama na yeye angependa kuzungumza hivyo. "Mimi? Hapa sokoni? Wenzangu watasema najidai."

Jioni ile niliyaandika maneno yake daftarini na nikaona kwamba katika sentensi chache alikuwa amenijibu maswali yangu mawili ya kwanza. Hakuwa na haja ya neno "lahaja" hata kidogo. Nilikuja kugundua kwamba watoataarifa wangu wengi hawalitumii. Wao husema "lafudhi", "Kiswahili cha pwani", "Kiswahili cha bara", au humtaja mtu mwenyewe: anaongea Kitanga, anaongea kama Mpemba. Mielekeo yao imeshikamana na watu waliowahi kukutana nao, na swali lisilomgusa mtu wala tukio haliwezi kuifikia.

Swali la pili lililonipotosha lilikuwa hili: Kiswahili fasaha kinazungumzwa wapi? Karibu kila niliyemuuliza alijibu Zanzibar, na nikafurahi kupata data inayokubaliana. Msimamizi wangu hakufurahi. Alinikumbusha kwamba Kiunguja, na hasa kile cha mjini, ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kwamba kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 iliujenga usanifu huo katika vitabu vilivyofika hadi madarasani. Kwa hiyo, alisema, nilikuwa nikipima kile ambacho watu walifundishwa kujibu. Aliongeza kwamba wengi wanaosifu Kiswahili cha Zanzibar hawajawahi kusikia Kimakunduchi, ambacho nacho ni cha kisiwa hichohicho.

Niligawa swali hilo sehemu mbili. Sehemu ya kwanza nikauliza ni nani anayezungumza Kiswahili kinachokupendeza masikioni, na ya pili nikauliza ungependa mwanao azungumze hivyo. Hapo watu walewale walianza kutofautiana na nafsi zao. Baba mmoja wa Mbagala, aliyekuwa amekisifu Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa dakika nyingi, aliposikia habari ya mwanawe alikataa mara moja: mtoto akisema "mato" badala ya "macho" na "mtele" badala ya "mchele", atachekwa shuleni. Kusifu usemi na kuutaka nyumbani kwako ni mambo mawili, na nadhani utafiti wowote wa mielekeo unaoyachanganya unapoteza muda wa wahojiwa.

Kwa kuwa adabu ya watu bado ilikuwa ikifunika mengi, nilikimbilia mbinu ambayo mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake waliitumia Montreal, Kanada, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1960. Mtu mmoja anayezimudu lugha mbili anarekodiwa akisoma matini ileile kwa kila lugha, na wasikilizaji, wakidhani ni watu tofauti, wanatoa maoni juu ya tabia ya kila msemaji. Kule hata wasikilizaji wenye lugha ya Kifaransa walizipendelea sauti za Kiingereza katika sifa nyingi, jambo ambalo pengine wasingelikiri kwa kuulizwa waziwazi.

Mimi nilimpata jirani wa Magomeni ambaye nyumbani kwao huzungumza Kipemba na kazini huzungumza kama watu wa jiji. Rekodi ya kwanza niliiharibu kwa kuijaza msamiati: skuli, mbatata, tungule. Wasikilizaji waligeuza zoezi kuwa la kubashiri, wakanitajia kisiwa kabla sijauliza chochote. Rekodi ya pili niliondoa maneno hayo na kubakisha matamshi na mwenendo wa sauti tu, kisha nikauliza mambo ya kawaida ya mtaani: huyu ungemkopesha pesa, ungemwomba akusomee barua, ungempangisha chumba? Majibu yakaanza kuja bila kujihami, na kila aliyeshiriki nilimweleza mwishoni kwamba sauti zilikuwa za mtu mmoja, nikamwomba ridhaa upya.

Swali la ujifunzaji ndilo lililonigusa zaidi. "Ulijifunza wapi Kiswahili?" lilileta neno moja tu, shuleni. Nikalibadilisha: ni nani aliwahi kukusahihisha Kiswahili chako, na ilikuwa neno gani? Kijana mmoja mbeba mizigo, mzaliwa wa Shinyanga, alinyamaza, kisha akaniambia kwamba alipofika jijini wenzake walimcheka kwa kusema "bandali", na kwa muda mrefu akiulizwa anafanya kazi wapi alijibu tu "kule mjini". Kazi yake ilikuwa bandarini. Nilikuwa nimesoma jinsi mwanaisimu William Labov, mwaka 1962, alivyowauliza wauzaji wa maduka ya New York mahali pa bidhaa aliyojua iko ghorofa ya nne, kwa Kiingereza "fourth floor", ili asikie wanavyotamka r wasipojua kwamba wanachunguzwa. Niliwahi kufikiria kufanya vivyo hivyo. Baada ya kumsikiliza kijana huyo sikuweza. Mtu aliyeficha neno kwa sababu ya kuchekwa hastahili kunaswa kwalo.

Maswali yangu ya sasa yanauliza ni sifa zipi wakazi wanazompa msemaji kutokana na usemi wake, ni wapi sifa hizo zinaachana na usemi wanaoutaka kwa watoto wao, na ni masahihisho gani wahamiaji wanayakumbuka. Limebaki moja ambalo sijalifanyia kazi. Vitabu vya lahaja vinaitaja Dar es Salaam ndani ya eneo la Kimrima, lahaja ya pwani ya Tanzania bara, lakini kati ya wote niliozungumza nao hakuna hata mmoja aliyekitaja. Wiki ijayo ninakwenda Kunduchi kwa wazee wavuvi, na swali nitakaloanza nalo ni jinsi bibi zao walivyokuwa wakiwaita watoto waje kula.