Siku tuliyoivunja namba ya Fermat

Mwalimu aliandika 4,294,967,297 ubaoni, akatugeukia. "Tasa au si tasa? Vikokotoo mfukoni."

Jirani yangu alianza kama kawaida, akitafuta kigawo, maana namba tasa haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Inaishia na 7, basi 2 na 5 hazimo. Akajumlisha tarakimu, akapata 59, na 3 nayo ikatoka. Akaivaa 7, kisha 11, kisha 13. Nilimwonea huruma. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili; cha namba ile kinaipita 65,536 kwa uchache mno, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Kwa mwendo ule tungekesha.

Mimi ile 65,536 ndiyo iliyonishtua. Ukiizidisha kwa yenyewe ukaongeza 1, unapata namba ya ubaoni. Yaani 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. "Mwalimu, si ni ile ya Fermat?"

Ilikuwa yenyewe. Mwaka 1640 Fermat, mwanahisabati Mfaransa, alikuwa ameziona 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja jumlisha 1), zote tasa, akaamini kila inayofuata kwa mtindo huo ni tasa vilevile. Ya kwanza kufuata ndiyo hii.

Mwalimu akatupa dokezo moja: kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 64, kinabakiza 1. Tukambana atuambie kwa nini. Akasema chukua 2, uizidishe kwa 2 tena na tena, kila mara ukibakiza baki tu la kugawa kwa kigawo hicho. Mabaki yatazunguka na kurudi kwenye 1 baada ya hatua 64, na mzunguko kama huo sharti ugawanye kigawo kilichopunguzwa 1. Hapo nilisahau kabisa kuandika, nikabaki kumtazama.

Kazi ya kukesha ikawa ya dakika chache. 65 na 129 si tasa, tukazikata, na nyingine za namna hiyo. 193 ikabakiza 109. 257 ikabakiza 2. 449 ikabakiza 325, na 577 ikabakiza 288. Nikaingia 641, nikishusha tarakimu moja moja, hadi ile 7 ya mwisho ikaisha bila baki. Jibu: 6,700,417. Mwanahisabati Euler aliifikia hiyo 641 mwaka 1732, Fermat akiwa ameshafariki zamani.

"Na hiyo 6,700,417 je?" jirani yangu akauliza, na lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile. Nayo vigawo vyake vinafuata sharti lilelile, na kipeuo chake hakifiki 2,589, kwa hiyo tasa za kujaribu zilikuwa saba tu, kuanzia 641 yenyewe hadi 2,113. Tukagawana. Hakuna iliyoingia, ni tasa.

Tulipoinua vichwa, mwalimu alikuwa keshafuta ubao na anaandika inayofuata katika mtindo wa Fermat, yenye tarakimu 20. Hiyo tulimwachia mwenyewe.