Gauni langu la mtandaoni limefika Kisumu

Wiki mbili nimesubiri gauni nililoagiza kwenye tovuti ya duka fulani la nguo. Leo asubuhi kijana wa ofisi ya mizigo akanipigia: "Madam, mzigo wako umeingia." Nikapanda boda kutoka Kondele mbio mbio, hata chai sikumaliza.

Kwenye picha lilikuwa kijani kibichi, kitambaa kizito, limemkaa yule dada kama ameshonewa akiwa ndani. Nililofungua ni jepesi kama neti ya mbu. Na zipu! Imepinda pale kiunoni, ukivuta inauma uzi na kukwama. Saizi nayo: niliagiza 14, lebo inasema 14, kumbe ni 14 ya Marekani, ambayo kwa vipimo vya Uingereza ni kama 18. Tungeingia mimi na dada yangu na nafasi ibaki.

Sawa, la saizi ni kosa langu kidogo. Jedwali la vipimo lilikuwa pale chini, nikalipita nikikimbilia M-Pesa. Lakini zipu si yangu.

Nimewaandikia. Wamejibu haraka, hilo nawapa, ila nauli ya kurudisha ni juu yangu. Shilingi 350! Kwa hela hiyo Jumapili pale Kibuye nachagua gauni la mtumba, nalishika, nalipima juu ya nguo nilizovaa, na mama muuzaji akifurahi ananiongezea mkanda.

Nimempelekea fundi wangu. Ameligeuza ndani nje, akacheka sana, akasema nipitie Ijumaa.