Siku moja maishani mwangu: mishumaa mikubwa na pipa la maji

Saa 11 alfajiri

Kwaresima ndiyo msimu wangu. Parokia zinataka mshumaa wa Pasaka uwe umefika sakristia kabla ya Jumapili ya Matawi, na mwaka huu wa 2026 Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Kwa hiyo mwezi wa tatu mzima banda langu hapa Pasua, Moshi, linanuka nta, na leo kuna kalibu tatu za kumwaga, yaani mabomba ya bati ya kuundia mishumaa.

Naanza na maji, hata kabla ya chai. Pipa ni la chuma, la lita 200, na maji nilishayajaza jana jioni. Yamelala yakawa na nyuzi 24. Nayataka yafike 40, na hiyo maana yake ni lita kama 35 za maji yanayochemka, sufuria mbili kubwa kwenye jiko la kuni, yakachanganywa na haya mengine. Mtoto wa kaka yangu, anayenisaidia msimu huu, anayabeba kwa ndoo huku akipiga miayo.

"Shangazi, si tunataka mishumaa ipoe? Sasa mbona tunapasha maji?"

Swali zuri, na wateja wananiuliza hilohilo. Wengi wakiona pipa wanadhani ni la kuharakisha. Mshumaa wenye unene wa sentimita 10 hauharakishwi na mtu. Nta haipitishi joto vizuri, kwa hiyo ukiutumbukiza kwenye maji ya baridi utagandisha ngozi ya nje tu. Ngozi imeshakaza, tumbo bado ni uji. Tumbo likija kuganda baadaye linasinyaa na kuvuta kila lililo karibu nalo. Hapo ndipo unapata nyufa, au ubavu uliobonyea, au uwazi ndani ambao huuoni mpaka siku mshumaa unawaka.

Pipa kazi yake ni kusawazisha. Nikiiacha kalibu ipoe kwenye hewa ya banda, upande wa mlango unapigwa na upepo, upande wa jiko unapigwa na moto, na nta inaganda kwa upendeleo. Maji yanaizunguka kote kwa joto lilelile, na yanapitisha joto zaidi ya mara 20 ya hewa, kwa hiyo hakuna upande unaowahi kuuacha mwingine.

Saa 12 asubuhi

Nta inaingia jikoni. Mchanganyiko wangu ni parafini kwa sehemu kubwa, stearini kidogo ya kuifanya iwe ngumu na iachie kalibu kirahisi, na robo nzima ni nta ya nyuki kutoka Tabora. Kuna wanaoniambia robo ni hasara. Labda. Lakini huu ni mshumaa wa usiku wa Pasaka, na Mbiu ya Pasaka, wimbo unaoimbwa mbele ya mshumaa huo, katika Kilatini chake inawataja nyuki kabisa. Siwezi kupeleka mshumaa usio na hata tone la nyuki halafu padre asimame mbele yake aimbe sifa za nyuki.

Nta nayeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, na moto wa gesi, sio kuni. Mfuniko upo karibu muda wote. Nta ikishika moto unafunika na kuzima gesi, na usimwagie maji hata kwa bahati mbaya, maana yanageuka mvuke papo hapo na kurusha nta inayowaka mpaka darini. Kijana huyu hilo alilijua kabla sijamwonyesha hata kipimajoto kinashikwaje.

Saa 1:30 asubuhi

Wakati nta inapanda kwenda nyuzi 80, tunakagua kalibu. Alizitengeneza fundi bati wa Mbuyuni: mabomba ya bati, upana sentimita 10, urefu 82, yamelehemiwa mshono mmoja. Chini kuna kitundu cha utambi. Utambi unapita pale, unabanwa kwa skrubu na washa niliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli, kisha juu unavutwa na kufungwa kwenye kijiti mpaka ukipigwa kidole unalia.

Kitundu hicho ndicho kinachoniogopesha kuliko moto. Kalibu itakaa saa nyingi ndani ya maji, na maji yakipenya kwenye utambi, hata matone machache, mwali utatatarika na kuzimika kanisa zima likiangalia. Kwa hiyo kila kalibu, kabla haijapata nta, nadumbukiza kitako chake kwenye beseni la maji kwa robo saa, ndani nimeweka kipande cha gazeti kikavu. Nakivuta kwa koleo, nakipitisha kwenye shavu. Gazeti la kalibu ya pili lina ubaridi kwenye ncha. Washa mpya, skrubu inakazwa upya, beseni tena. Safari hii ni kavu.

Saa 2:30 asubuhi

Kumwaga. Kalibu nailaza kidogo ili nta iteremke ubavuni badala ya kudondoka katikati na kukoroga hewa. Kila moja inameza kilo nne na nusu hivi. Nasubiri kama dakika moja, nagonga bati kwa mwiko kuanzia chini kwenda juu, na vipovu vinapanda.

Kisha ndipo pa kutulia. Kila kalibu ina masikio mawili ya waya. Mimi nashika moja, kijana anashika jingine, tumevaa glavu za ngozi, na tunaishusha ndani ya pipa taratibu bila kusimama. Ukisimama katikati, hata ukikohoa tu, pale maji yalipoishia patabaki mstari kwenye mshumaa, na mstari ule haufutiki kwa kitambaa wala kisu.

"Twende, baba. Usinitazame mimi, tazama maji."

Inazama karibu yote, halafu inaanza kugoma. Mgeni anaweza kushangaa, lakini ni hesabu tu. Kalibu na nta yake ni kilo tano na nusu hivi, na maji inayoyasukuma yanakaribia kilo sita. Itaelea, na ikielea italala upande. Ndiyo maana kuna ubao wenye matundu matatu unaozibana shingo, na juu ya ubao matofali mawili.

Zikishaingia zote, maji yamepanda. Hilo nalo lilihesabiwa: jana nilijaza pungufu ya lita 18 hivi, kwa sababu kalibu tatu zinachukua nafasi hiyo. Namalizia na kopo mpaka usawa wa maji ulingane na usawa wa nta iliyo ndani. Yakiwa chini ya hapo, kichwa cha mshumaa kitapoa kwa hewa na mwili kwa maji. Yakizidi, wimbi dogo tu linaingia ndani ya nta.

Saa 3:30 asubuhi

Chai na maandazi, hatimaye. Kipimajoto kinaning'inia kwenye pipa na kinasoma 43. Hakuna moto chini yake. Joto hilo limetoka kwenye nta. Nta inapoganda inatoa joto jingi sana hata kabla haijashuka nyuzi moja. Karibu kilo 14 za nta zikipoa na kuganda zinaweza kupandisha maji haya yote nyuzi tano. Ndiyo sababu beseni halifai kwa kazi hii. Beseni la lita 20 lingekuwa supu saa hizi, na kupoa kungesimama.

Sigusi kitu mpaka yafike 45. Yakifika nachota ndoo moja kutoka juu, ambako ndiko kwenye joto, na kurudisha ndoo ya maji ya bomba kwa mpira unaofika chini ya pipa, polepole.

Saa 4:30 asubuhi

Juu ya nta kumefunga utando kama wa maziwa yaliyochemshwa na kuachwa. Utando huu unadanganya. Chini yake nta inaendelea kusinyaa, na kwa kuwa hewa haina pa kupita, panazuka uwazi usio na hewa karibu na utambi.

Dawa yake ni spoku ya baiskeli. Naipasha kidogo, natoboa matundu manne kuuzunguka utambi, kwa kina chote ambacho spoku inafika. Kalibu ya kwanza inavuta pumzi, fyuu, unaisikia kabisa, na nta inashuka ghafla kama sentimita mbili. Kijana anacheka kila ikifanya hivyo. Nitatoboa tena baada ya nusu saa, na tena, maana matundu yanajifunga yenyewe.

Saa 6 mchana

Banda ni nyuzi 32 na bati la juu linalia. Mtu anayefanya mishumaa kwenye nchi ya baridi ana haki ya kuogopa maji ya baridi kali. Sisi huku adui yetu mwingine ni mchana wenyewe. Bila pipa, mishumaa hii ingekaa laini mpaka usiku wa manane. Tumelitandaza gunia lililoloa kuzunguka pipa, na maji yamerudi 41.

Nyongeza ya kwanza. Parafini ikiganda inapungua sehemu ya kumi ya ujazo wake au zaidi, na katikati ya kila kalibu sasa kuna shimo ambalo ngumi ya mtoto inaingia. Nta ya kujazia naipasha nyuzi tano hivi zaidi ya ile ya asubuhi, ili ishikane na iliyopo badala ya kukaa kama kizibo. Na siivushi alama ya kwanza. Ikivuka, itateleza kati ya mshumaa na bati, na huo mshumaa kutoka ni kwa kupigana.

Saa 8 mchana

Wali na maharage, kisha meza ya mapambo. Mishumaa ya awamu iliyopita imetulia kwenye rafu na iko tayari. Msalaba wa nta nyekundu, Alfa juu yake, Omega chini, tarakimu za 2-0-2-6 kwenye pembe nne, na matundu matano ya punje za ubani kwa ajili ya madonda matano. Tarakimu nakata kwa kisu cha karatasi juu ya kioo. Kazi nzuri, ya kukaa, na redio inasema.

Hapa ndipo pipa linapojionyesha. Ukiweka rula kwenye mshumaa uliopoa sawa, mwanga haupiti kati yake na nta. Na utambi uko katikati juu na chini. Utambi ukikaa pembeni, moto unatoboa ubavu mmoja, nta inamwagika, na usiku ule wa mkesha inamwagikia mtu anayeubeba gizani akiimba "Mwanga wa Kristo". Mshumaa huu hauwaki siku moja. Unakaa karibu na altare mpaka Pentekoste, halafu mwaka mzima unawashwa kwenye ubatizo na mazishi. Kasoro yake itaonekana na kila familia.

Ipo siku hizi ile ya plastiki yenye kikopo cha mafuta kichwani. Haipungui urefu, ni kweli. Sina la kuongeza.

Saa 10 jioni

Nyongeza ya pili, ndogo, ya kusawazisha tu. Kwa jumla kila kalibu imekula karibu kilo nzima zaidi ya ilivyomeza asubuhi. Mpya katika kazi hii hulalamika kwamba nta imevuja. Haijavuja popote, imebana.

Maji ni 37. Kuanzia hapa siyashughulikii, yashuke na jioni.

Saa 1 usiku

Naingiza spoku mara ya mwisho kwenye kalibu ya katikati, ile ambayo huchelewa kwa kuwa jirani zake wanaipashia maji. Inagota sentimita chache tu kutoka juu. Imeganda. Tunatoa matofali na kulegeza ubao, lakini mishumaa inabaki majini mpaka asubuhi. Kuitoa sasa hivi kwenye upepo wa usiku unaoshuka kutoka mlimani ni kuharibu kazi ya kutwa. Kesho kila mmoja utakuwa umejivuta kutoka kwenye bati. Nitalegeza skrubu, nigeuze kalibu, na uteleze wenyewe.

Vipande vya nta vinavyoelea kijana anaviopoa kwa chujio la chai. Havipotei, wala maji ya pipa hayamwagwi mferejini na nta yake. Yakishachujwa yanakwenda kwenye migomba.

Saa 3 usiku

Simu. Ni katekista wa kigango kimoja huku juu.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina, mwalimu."

Wamemaliza kanisa jipya na kamati imeamua mshumaa uwe mkubwa kuendana nalo. Mkubwa kiasi gani? Sentimita 15 upana. Urefu uleule. Na anadhani bei itaongezeka nusu, kwa kuwa upana umeongezeka nusu.

Namwambia nta yake inazidi mara mbili na robo, achukue kalamu apige mwenyewe. Na muda wa kuganda nao unapanda karibu hivyohivyo, maana joto la katikati lina safari ndefu zaidi ya kutoka. Wa leo ulichukua saa kama kumi tangu kumwaga mpaka spoku kugota. Wake utavuka saa 22. Nitaumwaga jioni, nikeshe na pipa, na pipa litabeba mmoja tu. Kalibu ya upana huo sina; fundi wa Mbuyuni ataikata, na bati ni lake kulipia.

Kimya kidogo upande wa pili. Kisha anauliza kama naweza kuupoza kwa barafu, ili uwahi.

Nimemwambia aje Jumamosi na kianzio, tuongee vizuri.